Nishani hazimo kwenye DD 214, hati ya kutoka jeshini: nianzie wapi nikiwa Mwanza?

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Nansio, Ukerewe. Nilijiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani Juni 2008, nikawa dereva wa malori. Nilikuwa Iraki kuanzia tarehe 4 Novemba 2009 hadi 26 Oktoba 2010, nikatoka jeshini kwa heshima Juni 2012 nikiwa sajenti. Sasa niko nyumbani, nafanya biashara ya samaki Kirumba. Juzi nimemtolea mwanangu DD 214 yangu aione, ndipo nikagundua kisanduku cha 13 kina vitu vitatu tu: National Defense Service Medal, Global War on Terrorism Service Medal na Army Service Ribbon. Medali ya Iraki haimo. Army Commendation Medal niliyovalishwa na kanali tukijiandaa kurudi haimo, na cheti chake kimeliwa na mchwa. Beji ya mapigano nayo haimo, wakati Machi 2010 msafara wetu ulilipuliwa na bomu la barabarani, lori lililokuwa mbele yangu likaungua. Mwenzangu mmoja anasema kumbukumbu za jeshi ziliteketea kwa moto, nisijisumbue. Mwingine anasema miaka mitatu ikipita basi tena. Wakili mmoja ametaja milioni mbili. Nifanye nini? Na je, haya yatanisaidia chochote, maana tangu nirudi usingizi umenipotea?"*

Afande, kwanza tusahihishe hesabu yako. Wewe umehesabu vitu vitatu vilivyokosekana. Kwa tarehe ulizoandika, ni angalau vinne, na kimoja kati yake kina nyota mbili ambazo hukuzitaja. Tutafika huko. Kabla ya hapo niondoe mambo matatu uliyoambiwa, kwa sababu ukiyabeba utakata tamaa kabla hujanunua bahasha.

Moto ulikuwepo kweli. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za watumishi wa jeshi huko St. Louis, Missouri, liliwaka na kuteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Lakini majalada hayo yalikuwa ya askari wa nchi kavu walioachiwa kati ya 1912 na mwanzo wa 1960, na sehemu ya majalada ya jeshi la anga ya kuanzia 1947 hadi mwanzo wa 1964. Wewe ulitoka 2012. Jalada lako liko kwenye kompyuta, katika mfumo uitwao iPERMS. Habari ya moto ni ya kizazi cha babu zako; watu huirudia kwa sababu ni jibu rahisi.

Miaka mitatu nayo ipo kwenye sheria, ila si pale mwenzako anapoiweka. Inahusu kupeleka ombi kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu, na huhesabiwa tangu siku ulipogundua kosa au ulipopaswa kuligundua. Bodi ina mamlaka ya kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo, na hufanya hivyo mara nyingi pale ushahidi unapokuwa mzuri. Nikuambie pia upande mchungu: DD 214 ina saini yako ya 2012, kwa hiyo wanaweza kusema ulipaswa kuona siku ile ile. Usijibu kwa kubuni sababu. Andika kwamba ulisaini ukiwa katika pilikapilika za kuondoka, na ukagundua mwaka huu. Tena huenda usifike kwenye bodi kabisa, kwa sababu bodi ni mlango wa mwisho, na kuna miwili kabla yake.

Kuhusu wakili: fomu zote utakazotumia hazilipiwi, na mkongwe wa jeshi anayeomba jalada lake mwenyewe hatozwi kitu. Vyama vya wakongwe kama American Legion, VFW na Disabled American Veterans vina maofisa wanaosaidia kujaza na kufuatilia bila malipo, hata kwa barua pepe. Milioni mbili zako zibaki kwenye biashara ya samaki.

Sasa, kosa lilitokeaje? DD 214 haiandikwi na mtu aliyekaa na jalada lako akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Karani wa kituo cha kuondokea huchukua muhtasari wako wa utumishi kutoka kwenye kompyuta na kunakili kilichomo. Kama ofisi ya utumishi ya kikosi chako haikuingiza kitu kwenye muhtasari ule, hakitatokea kisanduku cha 13, hata kama kanali alikuvalisha mbele ya kikosi kizima. Kwa askari waliotoka vitani ndivyo inavyoharibika zaidi: nishani hutolewa wiki za mwisho, makontena yanafungwa, kikosi kinarudi, watu wanahamishwa, na karatasi iliyopaswa kuchapwa kwenye kompyuta inabaki kwenye droo ya mtu aliyekwenda likizo. Kwa hiyo swali la "nani alininyima" liache. Swali linalofaa ni hili: karatasi iliyonipa haki hii ni ipi, na iko wapi?

Kila kitu unachodai kina karatasi ya aina yake. Hapa ndipo wengi hukosea, wanadai vyote kwa barua moja ndefu yenye uchungu, na ofisi inashindwa kujua ianzie wapi.

Medali ya Iraki, Iraq Campaign Medal, haihitaji mtu kukupendekeza. Inakuja kwa siku: siku 30 mfululizo ndani ya nchi, au 60 zisizofuatana. Wewe una karibu mwaka. Kinachotakiwa ni kuthibitisha tarehe tu. Basi chukua DD 214 yako sasa hivi uangalie kisanduku cha 18, cha maelezo. Mara nyingi humo kuna mstari unaosema utumishi Iraki, ukifuatwa na tarehe zilizoandikwa kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku: 20091104 hadi 20101026. Ukiukuta, kazi imekaribia kwisha, kwa sababu jeshi lenyewe limeshakiri. Kisha tazama 12f, utumishi wa nje ya nchi. Kama kimeandikwa sifuri tupu, omba nacho kisahihishwe katika ombi hilo hilo. Ukirekebisha medali ukaacha sifuri, hati yako itajipinga yenyewe.

Nyota sasa. Vita vya Iraki viligawanywa katika vipindi, na kila kipindi ulichokuwepo, hata kwa siku moja, kinakupa nyota ndogo ya shaba kwenye utepe. Kipindi kilichoitwa Iraqi Sovereignty kiliisha tarehe 31 Agosti 2010. Siku iliyofuata kikaanza New Dawn. Wewe uliondoka 26 Oktoba, kwa hiyo umegusa vyote viwili. Andika wazi kwenye ombi: Iraq Campaign Medal yenye nyota mbili za kampeni. Usipotaja, karani anaweza kukupa moja. Na usiombe Global War on Terrorism Expeditionary Medal, medali nyingine ya waliopelekwa vitani, kwa siku hizo hizo. Siku moja haihesabiwi kwa medali zote mbili, na kuiomba kutafanya ombi zima lionekane la kubahatisha.

Kitu cha nne ambacho hukukitaja ni Good Conduct Medal. Hutolewa kwa askari wasio maofisa kwa kila miaka mitatu ya utumishi safi. Wewe ulitumikia minne, ukatoka kwa heshima na cheo cha sajenti. Haiji yenyewe, lazima kamanda aikubali na amri itolewe. Lakini pale ambapo jalada halina adhabu wala barua ya kamanda ya kukataa, bodi imekuwa ikiwapa watu medali hii mara kwa mara. Idai.

Army Commendation Medal ni habari nyingine. Hii ni ya mtu binafsi, na hapa kumbukumbu yako ya kanali akikubandika kifuani haina uzito wowote bila amri. Hupendekezwa kwenye fomu DA 638, na ikikubaliwa hupewa namba ya amri ya kudumu na tarehe. Cheti kilicholiwa na mchwa kilikuwa nakala tu. Fomu yenye namba inaweza kuwa imo ndani ya iPERMS, kwa sababu karani aliweza kuiweka kwenye jalada akasahau kuiingiza kwenye muhtasari. Ndiyo maana nasisitiza uombe jalada lote kwanza. Ikiwa haimo, mtafute aliyekuwa kiongozi wako wa kikosi kidogo, au mwenzako mliyevalishwa siku moja. Amri za mwisho wa safari ya vita mara nyingi hutolewa siku moja kwa watu wengi, na namba zao hufuatana. Nakala ya mwenzako yenye namba ya jirani inaonyesha pa kutafuta.

Beji ya mapigano, Combat Action Badge, ndiyo ngumu kuliko zote, lakini wewe una hoja. Kuna watu wanaodhani ni ya askari wa miguu peke yao. Wanaichanganya na ile ya askari wa miguu, Combat Infantryman Badge. Hii yako haijali kazi, dereva anaipata. Masharti yake ni kwamba ulikuwepo wewe mwenyewe, ulishambuliwa au kumshambulia adui, karibu kiasi cha kuweza kudhurika, na ulifanya wajibu wako. Lori la mbele yako kulipuka kunatosha kama kutathibitishwa. Mlio uliousikia ukiwa kambini hautoshi. Tafuta mashahidi wawili walioona kwa macho yao, si waliosimuliwa. Kila mmoja aandike kwa maneno yake: tarehe, njia, namba ya kikosi, gari lipi lilipigwa, wewe ulikuwa gari la ngapi, ulifanya nini baada ya mlipuko. Taarifa mbili zinazofanana neno kwa neno huharibu zaidi ya kutokuwa na taarifa.

Uzuri ni kwamba mashahidi hawahitaji kwenda kokote kupigiwa muhuri. Sheria ya Marekani inakubali taarifa isiyo ya kiapo ikiwa mwishoni mtu ametangaza kwamba aliyoyasema ni kweli, chini ya adhabu ya uongo, akasaini na kuweka tarehe. Kwako wewe uliye nje ya Marekani, maneno hayo lazima yataje kuwa ni chini ya sheria za Marekani. Ukienda kwa Kamishna wa Viapo hapa mjini si kosa, ila si lazima.

Basi mpangilio wa kazi uwe huu. Mlango wa kwanza ni St. Louis, kituo cha kumbukumbu kiitwacho National Personnel Records Center. Unajaza fomu SF 180, kurasa chache zinazopatikana bure mtandaoni. Kuna njia ya kuomba kwa mtandao pia, ila inataka uthibitishe utambulisho wako kupitia ID.me, na watu wasio na namba ya simu ya Marekani hukwama hapo. Ukikwama usipoteze wiki, chapa SF 180. Omba jalada zima la utumishi, siyo DD 214 peke yake, maana hiyo unayo. Weka saini ya mkono. Fomu isiyo na saini hurudishwa.

Jina linawaangusha watu wetu wengi. Marekani wanakutafuta kwa jina ulilotumikia nalo na namba yako ya hifadhi ya jamii. Kama kitambulisho chako cha NIDA kina majina matatu kwa mpangilio wetu, na jeshini jina la babu liliwekwa mbele kama la ukoo, au moja liliangushwa, andika lile la jeshini hivyo hivyo, hata kama limekosewa herufi. Jina la sasa lieleze kando. Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie: wao huanza na mwezi, na tarehe 5 Machi ikigeuka Mei 3 ombi linaweza kurudi na jibu kwamba hujulikani.

Neno dogo kuhusu steshenari. Tumezoea kumtumia kijana wa duka faili kwa WhatsApp atuchapie. SF 180 iliyojazwa ina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hifadhi ya jamii, yaani kila kitu mwizi anachohitaji kukopa kwa jina lako. Chapa fomu tupu, ujaze kwa kalamu nyumbani. Tuma kwa rejista au EMS ya Posta na utunze risiti. Usitume karatasi halisi hata moja, nakala zinatosha.

Jalada likija, ulisome lote, kisha mlango wa pili: kamandi ya rasilimali watu ya jeshi la nchi kavu, iliyoko Fort Knox, Kentucky. Hawa ndio wanaoweza kusahihisha bila bodi kukaa. Andika barua ya ukurasa mmoja, kitu kimoja aya moja, kila aya ikitaja kielelezo chake. Kwa medali ya Iraki, kama kisanduku cha 18 hakisemi kitu, ambatisha amri za kupelekwa, tathmini ya utendaji ya kipindi hicho, au hati za mshahara zinazoonyesha posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi na mshahara usiokatwa kodi. Hata bahasha za barua ulizomtumia mama Ukerewe zinafaa, kama zina anwani ya posta ya jeshi na muhuri wa tarehe. Barua yenyewe ikiwa ya Kiswahili au Kikerewe, iambatane na tafsiri ya Kiingereza na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi.

Wakikubali, hutapewa DD 214 mpya, na wengi hudhani wamedhulumiwa. Utapata DD 215, karatasi ya masahihisho inayosomwa pamoja na ile ya zamani. Zitunze pamoja, pa kavu, na safari hii si kwenye sanduku la sakafuni. Vyuma vyenyewe hutumwa kwa ombi tofauti baada ya kuthibitishwa. Ukiwa na ndugu mwaminifu Marekani, anwani yake ni salama kuliko S.L.P. ya hapa.

Wakikataa, wanapaswa kukueleza kwa nini, na jibu hilo ndilo tiketi yako ya mlango wa tatu: bodi ya jeshi la nchi kavu ya kusahihisha kumbukumbu, kwa fomu DD 149. Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha kosa ni wako. Haiendi kukutafutia mashahidi. Tegemea kungoja miezi mingi, huenda zaidi ya mwaka. Ukikataliwa unaweza kurudi, lakini kwa ushahidi mpya, si kwa kurudia yale yale kwa sauti kubwa. Wakili mzoefu wa bodi hizi, wa kule, ana maana ukifika hapa na beji tu ndiyo iliyobaki. Na kama fomu ya kupendekeza medali haikuwahi kujazwa kabisa, kuna njia ya kupitia mbunge wa Marekani wa eneo ulikokuwa unaishi, naye huomba jeshi lipitie pendekezo lililochelewa.

Wakati unangoja, usiiandike beji hiyo kwenye wasifu wa kuombea kazi au msaada. Combat Action Badge imo kwenye orodha ya sheria ya 2013 inayomwadhibu anayejidai nishani kwa lengo la kujipatia faida. Unaweza kuwa unastahili na bado ukajiingiza matatani.

Uliuliza kama haya yatakusaidia. Kwa pesa, nishani yenyewe haileti hata senti. Lakini swali lako la mwisho, uliloliweka mkiani kama la kupita njia, ndilo lingekuwa la kwanza kwangu. Miaka zaidi ya 12 bila usingizi baada ya mlipuko si jambo la kungoja bodi. Beji ya mapigano husaidia dai la ulemavu kwenye idara ya wakongwe, VA, kwa sababu huthibitisha ulikuwa vitani; ila tangu Julai 2010 kanuni zao zinaruhusu hofu ya mashambulizi ya adui itambuliwe hata bila nishani, ikiwa mtaalamu wao wa afya ya akili ataihusisha na ulikotumikia. Kwa hiyo dai hilo lifungue sasa, sambamba na SF 180. Fidia hulipwa hata kwa mkongwe anayeishi nje, na kwa maradhi ambayo VA imeshayatambua, mpango wao wa Foreign Medical Program hulipia matibabu hapa hapa. Ofisa wa chama cha wakongwe atakufungulia, na ubalozi wa Marekani Dar es Salaam unaweza kukuelekeza.

Wiki hii, kabla ya Posta, panda Hospitali ya Bugando ukaonane na daktari wa afya ya akili. Mwambie lini ilianza, unaamka mara ngapi, kama unaota moto ule, kama unakwepa barabara fulani au unashtuka lori likipiga pancha, na kama unakunywa ili ulale. Kama kuna usiku umewahi kufikiria kujidhuru, mwambie hilo kabla ya mengine yote, na usiende peke yako. Nenda na mkeo au ndugu. Omba nakala ya maandishi ya daktari kila unapotoka, na uyaweke kwenye bahasha moja na DD 214.